Neno la Mtoto Asiyejua Kusema

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfunza kubainisha yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, mwezi wa Shaabani uliopita, baada ya darsa yetu ya usiku wa Alhamisi, tulijiwa na mzee mmoja wa mtaani kwetu naye amekasirika. Alitueleza kwamba mkaza mwanawe amemfunza mjukuu wake wa miezi tisa kusema kwa mikono. Mtoto akitaka kunyonya hufumba na kufumbua kiganja. Akitaka kula hupeleka vidole mdomoni. Akishiba hukung'uta viganja. Mzee akasema: "Masheikh zangu, mjukuu wangu ana masikio na ana ulimi. Kwa nini afanywe bubu? Haya si mambo ya Wazungu?"

Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, hatukungoja kulipima neno hilo. Papo hapo tulimjibu kwamba amesema kweli, kwamba huko ni kuiga tu, na kwamba mtoto hufunzwa kwa kuambiwa maneno wala si kwa kuchezewa vidole. Mzee akaenda zake, akamkataza mkaza mwanawe mbele ya watu, akisema kwamba hivyo ndivyo walivyohukumu masheikh.

Jibu hilo halikutuacha tukatulia. Siku chache baadaye tulikumbushwa habari ya mtoto mwingine wa mtaa ule ule, ambayo tutaieleza mbele, tukatambua kwamba tumehukumu kwa mazoea wala si kwa ilimu. Sisi ambao kila wiki twawaambia watu wasifuate mazoea bila ya dalili, siku ile tuliyafuata sisi wenyewe. Kwa hivyo tulirudi kwenye Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na hadithi za Mtume wake, na maneno ya wanazuoni, kisha tukauliza na kusoma habari za wajuao mambo ya watoto. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata, na la kwanza ni kukiri kwamba tulikosea.

Twaanza na swali la mzee: je, kusema kwa ishara ni jambo geni kwetu?

Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura ya Al Imran, aya ya 41, na katika Sura ya Maryam, aya ya 10 na ya 11, kisa cha Nabii Zakaria (a.s.). Alipobashiriwa mwana katika uzee wake aliomba apewe alama, na alama yake ikawa ni kutosema na watu siku tatu ila kwa ishara. Akatoka mihrabuni kuwaendea watu wake, akawaashiria wamsabihi Mungu asubuhi na jioni, nao wakafahamu. Angalieni vyema: ulimi wa Nabii umezuiliwa, na amri ya ibada imefika kwa ishara. Lau ishara ingekuwa ni upungufu au upuuzi, Mwenyezi Mungu asingeifanya kuwa njia ya Nabii wake.

Katika sura hiyo hiyo, aya ya 29, yuko Bibi Maryam. Watu walipomjia kwa maneno makali naye amembeba mwanawe, hakujibu kwa ulimi, bali alimwashiria mtoto. Watu wale wakastaajabu wakauliza watasemaje na mtoto mchanga ambaye bado ni wa kulazwa. Nabii Isa (a.s.) akasema nao, na huo ulikuwa ni muujiza wake peke yake, hatusemi kwamba watoto wetu watapewa mfano wa huo. Lakini swali la watu wale tulilitambua tulipolisoma mara hii, kwani ndilo swali letu la barazani: mtoto mchanga, mtu atasema naye nini?

Ama Mtume wetu (s.a.w.), hadithi zake zimejaa mikono yake. Alipowaeleza masahaba daraja ya mwenye kumlea yatima, aliwaonyesha vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, jinsi vilivyo karibu, akawaambia kwamba ndivyo watakavyokuwa yeye na mlezi huyo Peponi. Alipowafunza hesabu ya mwezi alikunjua vidole vyake vyote mara tatu, kisha akarudia tena, na mara ya mwisho akakunja kidole gumba, wakajua kwamba mwezi huwa siku thelathini, au ishirini na tisa. Na msichana mmoja wa Madina alipopigwa kichwa kwa mawe kwa ajili ya mapambo yake, akawa hawezi tena kusema, alitajiwa majina ya watu mmoja mmoja, naye akajibu kwa kichwa. Mtume (s.a.w.) aliipokea ishara ile, mtu yule akakamatwa, akaulizwa, akakiri. Imam Bukhari ameweka mlango mzima juu ya ishara katika talaka na mambo mengineyo, na baadhi ya hadithi hizi amezileta humo.

Wanazuoni nao hawakuidharau. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka wa 255 Hijria (869), katika kitabu chake Al-Bayan wat-Tabyin, amezihesabu njia za kubainisha maana akazifanya tano: lafudhi, ishara, kuhesabu kwa vidole, hati, na hali ya kitu chenyewe, na ishara akaifanya kuwa ni mshirika wa lafudhi na msaidizi wake. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ishara ya bubu ikifahamika ni kama tamko lake katika kuuza, kununua, kuoa na kuacha. Sheria ya Majalla ya dola ya Uthmani, iliyotungwa baina ya 1869 na 1876, imelithibitisha jambo hilo katika kifungu chake cha 70. Na katika ikulu ya masultani mjini Istanbul, tangu karne ya 16, walikuwako watumishi viziwi, na ishara zao zikawa lugha ya ikulu hata wenye masikio wakajifunza. Basi aliyesema kwamba haya yametoka kwa Wazungu hakusoma habari za watu wake mwenyewe. Na tuliosema hivyo ni sisi.

Wala hii si bidaa. Bidaa ni kuzua katika dini yasiyokuwamo. Ama mambo ya desturi, kama malezi, mapishi na mavazi, asili yake ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Na sisi dalili ya kukataza hatukuiona.

Kisha tulitazama nyumbani mwetu. Nani katika sisi hajamwona mtoto wa miezi kumi, asiyejua neno hata moja, akiambiwa na nyanya yake, "Haya, omba dua," naye akainua viganja vyake viwili, kisha akajipangusa uso? Nani hajamwona akiambiwa kwamba Mungu ni mmoja, akainua kidole? Humwona babake amevaa kanzu na kofia kwenda msikitini, akampungia mkono. Huletewa mgeni, akatoa mkono wake mdogo ili ubusiwe kama alivyoona wakubwa wakifanya. Haya yote ni nini, kama si maneno ya mkono? Bibi zetu walifunza haya kabla ya sisi kuzaliwa, na hapana aliyewaambia kwamba wanawafanya watoto kuwa mabubu. Yule mkaza mwana hakufanya ila kuongeza katika hayo: baada ya ishara ya dua na ya kuaga, akatia ishara ya maziwa, ya chakula na ya kutosheka.

Sasa tuwasikize wajuzi wa zama zetu, kwani hekima ni haki ya Muumini popote aionapo. Katika Marekani, mwaka wa 1982, mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha California, Linda Acredolo, alimwona bintiye mchanga akivuta pumzi kwa pua kila aonapo ua, kwa kutaka kusema "ua". Yeye na mwenzake Susan Goodwyn wakaanza kuchunguza, wakaona kwamba watoto wengi hujizulia ishara kama hizo wenyewe. Zama hizo hizo Joseph Garcia, aliyekuwa mkalimani wa lugha ya ishara, aliona kwamba watoto wenye masikio waliozaliwa na wazazi viziwi huweza kueleza haja zao mapema. Na mwaka wa 1991 Laura Ann Petitto na Paula Marentette walieleza kwamba mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi viziwi, wakati ambapo watoto wengine hutamka "ba-ba-ba" na "da-da-da", yeye hufanya mfano wa hayo kwa vidole vyake. Maana yake ni kwamba lugha iliyotiwa na Mwenyezi Mungu katika mtoto hutafuta pa kutokea. Ikiukosa mlango wa ulimi, hupita mlango wa mkono.

Tena mkono hutii kabla ya ulimi. Aghalabu mtoto hutamka neno lake la kwanza karibu na kutimiza mwaka, lakini kabla ya hapo, tangu miezi tisa hivi, huanza kuashiria kwa kidole. Baina ya kufahamu kwake na kusema kwake iko miezi mingi ambayo ajua atakacho na hawezi kukitamka. Kilio chake katika miezi hiyo si ukorofi. Ni maneno yaliyokosa njia.

Hata hivyo hatutaki kuwatoa wenzetu katika kosa moja na kuwatia katika jingine. Wako wafanyao biashara ya jambo hili, wakauza vitabu na mafunzo na kuwaambia wazazi kwamba mtoto wa ishara atakuwa na akili kuliko wenzake. Haya hayakuthibiti. Mwaka wa 2000 Acredolo na Goodwyn walitoa habari ya watoto zaidi ya mia, wakasema kwamba waliofunzwa ishara walitangulia katika maneno. Lakini mwaka wa 2005 wajuzi wa Canada walizipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona hazitoshi kulithibitisha dai hilo. Na mwaka wa 2013 ilitolewa habari ya uchunguzi wa Uingereza uliofuata watoto 40 tangu miezi minane hata ishirini: waliofunzwa ishara hawakuwapita wenzao kwa lugha, wala hawakupungukiwa. Basi hofu ya mzee kwamba mtoto atachelewa kusema haina msingi, na majivuno ya kijana kwamba wa kwake atakuwa mwanachuoni kwa sababu ya ishara hayana msingi vilevile.

Lakini katika uchunguzi huo huo lilionekana jambo lililotugusa kuliko yote: mama waliofunzwa ishara walikuwa wepesi zaidi kuzitambua dalili za watoto wao. Aliyebadilika, basi, ni mama kabla ya mtoto. Kwa kuwa angoja ishara, hutazama. Na kwa kuwa hutazama, huona yaliyokuwapo siku zote.

Hapa tuliikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba alikuwa akiingia katika sala naye ataka kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kuchelea kumtia mamake mashaka. Mtu aliye juu ya watu wote, katika ibada iliyo juu ya ibada zote, na nyuma yake safu za masahaba, asikia neno la mtoto asiyejua kusema na kulifanyia kazi. Na sisi je? Mtoto hulia, tukampa simu achezee ili anyamaze. Mama hunyonyesha na macho yake yako kwenye simu, na baba hurudi kazini akapita kwenda barazani. Mtoto huinua mkono, akaushusha, kwani hapana amtazamaye. Basi swali la kujiuliza kabla ya swali la ishara ni hili: mtoto akisema kwa mkono, nani atamwona?

Sasa tutaieleza ile habari tuliyoiahidi, na jina la mtu hatutalitaja.

Katika mtaa wetu alizaliwa mtoto wa kike, nyumba yao i karibu mno na msikiti, na kipaza sauti cha adhana chaelekea dirisha lao. Kila alfajiri adhana ilipopaa, watoto wote wa nyumba ile waligutuka, ila yeye. Jamaa zake wakashukuru, wakasema, "Mtoto huyu mpole, hana usumbufu." Akapita mwaka, akapita wa pili, hana neno. Mmoja akasema ni kijicho. Mwingine akasema ameguswa na jini. Mwingine akasema wangoje tu, kwani babake naye alichelewa kusema. Akapelekwa kwa mganga, akanyweshwa makombe, akafungwa hirizi shingoni, ikasemwa kwamba ulimi wake umefungwa na utafunguliwa kwa fedha kadha wa kadha. Alipotimia miaka minne alishikwa na homa, akapelekwa zahanati, na muuguzi mmoja alipogonga sinia nyuma yake akaona kwamba hageuki. Akapimwa, ikadhihiri kwamba ni kiziwi tangu kuzaliwa.

Mamake alimwambia mmoja wa wake zetu maneno ambayo hatuwezi kuyasahau. Alisema: "Alikuwa akinishika kidevu, akiugeuza uso wangu upande wake. Nikadhani ni utundu. Miaka minne alikuwa akisema nami kwa mikono, nami nikimpiga mikono hiyo hiyo."

Ndugu zetu, miaka minne! Miaka minne mtoto wa Kiislamu hakuwa na lugha yoyote, si ya ulimi wala si ya mkono. Hakuna aliyemtajia Mola wake kwa njia awezayo kuipokea. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya An-Nahl, aya ya 78, kwamba ametutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui chochote, akatupa kusikia na kuona na nyoyo ili tupate kushukuru. Mtoto yule alinyimwa moja katika matatu, akabakia na mawili, macho na moyo. Aliyemnyima kusikia ni Mola wake kwa hekima yake. Lakini aliyemfungia macho na moyo ni nani, kama si sisi?

Lau desturi ya nyumba ile ingekuwa ni kumkabili mtoto na kumwashiria kama afanyavyo yule mkaza mwana tuliyemhukumu, mtoto yule angepata maneno yake ya kwanza kama wenzake, hata kabla ya kujulikana kwamba hasikii. Na kwa kutazamwa angejulikana mapema. Ufunzaji ule tuliouita mchezo ungemtosha kuwa rehema.

Na mapema ina maana kubwa. Mwaka wa 1998, katika jimbo la Colorado huko Marekani, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walieleza kwamba watoto viziwi waliojulikana hali zao kabla ya miezi sita na wakasaidiwa, waliwapita kwa lugha wale waliojulikana baadaye. Tena wengi wa watoto viziwi huzaliwa na wazazi wasikiao, ambao hawakuwazia jambo hili hata siku moja. Na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watoto kumi wenye upungufu wa kusikia, sita hivi ni kwa sababu ziwezazo kuzuilika, kama surua, homa ya uti wa mgongo, na maradhi ya masikio yasiyotibiwa. Kwa hivyo chanjo ya mtoto na usaha wa sikio lake si mambo madogo.

Wazazi, zishikeni alama hizi. Mtoto mchanga asiyegutuka kwa kishindo. Mtoto wa miezi sita asiyegeuka kuitafuta sauti. Mtoto wa mwaka asiyeitika jina lake, wala asiyeashiria kwa kidole wala kupunga. Mtoto wa mwaka na nusu asiye na neno: apelekwe hospitali apimwe masikio. Wala msidanganyike kwa kuwa alitoa sauti katika miezi yake ya kwanza, kwani hata mtoto kiziwi hutoa sauti. Sikio la mtoto mchanga laweza kupimwa kwa chombo kidogo naye amelala, bila ya maumivu. Kombe halipimi sikio, na hirizi haifunzi lugha. Dua ni ibada, nasi twaihimiza. Lakini mwenye kufunga ngamia wake ndiye mwenye kutawakali, wala si mwenye kumwacha akaranda.

Ama mwenye kutaka kumfunza mtoto wake ishara, na mtoto asikia, tumewauliza wajuao na njia yake ni nyepesi. Aanze mtoto akiwa na miezi sita au saba, wala asivunjike moyo ikipita miezi miwili au mitatu bila ya jibu. Achague ishara chache za haja za kila siku: maziwa, chakula, maji, zaidi, yamekwisha. Amkabili mtoto uso kwa uso, afanye ishara na alitamke neno pamoja, wakati ule ule kitu chenyewe kinapokuwapo. Sharti hili la kutamka ni kubwa: ishara ni mwenzake neno, si badala yake, na mtoto asikiaye hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Nyumba nzima washike ishara moja kwa jambo moja, baba na nyanya na shangazi pia, wala lisiwe ni jambo la mama peke yake. Mtoto akikosea apokewe kosa lake kwa furaha, kama tupokeavyo "tati" kwa "chapati". Na ni haramu ya utu kumnyima mtoto chakula mpaka aashirie. Ulimi ukifunguka, ishara zitaondoka zenyewe kama gongo la aliyepona mguu. Na katika kula, amfunze mkono wa kulia na Bismillahi, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfunza kijana Umar bin Abi Salama.

Ama mtoto kiziwi, ishara tano za jikoni hazimtoshi, kama vile maneno matano yasivyomtosha mwenye kusikia. Yeye ana haki ya lugha kamili. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha yenye kanuni zake. Katiba ya mwaka wa 2010 imeiamuru serikali kuikuza, na katika kifungu cha 120 imeifanya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katika pwani yetu ziko skuli za viziwi, kama ya Ziwani hapa Mombasa na ya Kibarani huko Kilifi. Bunge limewafungulia viziwi mlango. Je, misikiti yetu imewafungulia? Ni chuo gani cha Kurani mtaani kwetu chenye mwalimu awezaye kumfunza mtoto kiziwi sala yake? Ni khutba gani ya Ijumaa ambayo kiziwi hutoka nayo ila kuona midomo ikitikisika? Mwenyezi Mungu alimteremshia Mtume wake aya za Kurani kwa ajili ya kipofu aliyegeuziwa uso kwa muda mchache tu. Sisi viziwi wetu tumewageuzia uso miaka na miaka, na kila mmoja wetu ataulizwa juu ya wale aliowekwa kuwachunga.

Kwa hivyo darsa yetu imeazimia mambo mawili. La kwanza, tutamwalika mwalimu aliye kiziwi mwenyewe aje atufunze, wanaume baada ya alasiri na wanawake katika wakati wao, kwani lugha huchukuliwa kwa wenyewe. La pili, kila tutakapoitwa kwenye akika, pamoja na adhana tumwadhiniayo mtoto sikioni, tutawakumbusha wazazi kulipima sikio hilo. Ni aibu kuadhini katika sikio tusilojua kama lasikia, kisha tusiulize.

Na tulirudi kwa yule mzee. Tulikwenda nyumbani kwake baada ya Magharibi, tukamwambia mbele ya watu wale wale kwamba jibu letu lilikuwa ni kosa, na tukamwomba radhi mkaza mwanawe kupitia kwake. Mzee alinyamaza kitambo. Mjukuu wake alikuwa mapajani mwake, na alipotusikia tukisema "Amin" mwisho wa maneno yetu, aliinua viganja vyake viwili akajipangusa uso. Mzee akasema, "Hii nimemfunza mimi. Sikujua kwamba ni jambo lile lile." Kisha akamwita mkaza mwanawe, akamwambia aendelee.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa tuliyoyahukumu bila ya ilimu. Tupe macho ya kuwaona wadogo wetu na subira ya kuwasikiliza. Wafungulie viziwi wetu njia ya kukujua Wewe, wala usitufanye sisi kuwa ndio kizuizi chao. Wabariki wazazi watuleao tukiwa wadogo, na utujaalie kuwalea wa kwetu kama upendavyo. Amin.